Mlio Mpya wa Simu ya Mama Najat

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Najat alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kumvisha nguo mdogo wake Farhan, na kuitundika simu. Kazi ya kufagia aliifanya kwa kununa. Kumvisha Farhan kulikuwa vita kamili, maana mtoto yule wa miaka minne hakukubali kukiachia kinanda chake cha plastiki alichonunuliwa sikukuu ya Idi. Mkono mmoja ukiingia kwenye shati, mwingine ulikuwa unabonyeza ti-ti-ti. Lakini kuitundika simu, hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Najat aliifuta kwa upindo wa kanga, akaitia katika mfuko mdogo wa kufuma, kisha akaupachika mfuko kwenye msumari kando ya dirisha la barazani. Hapo, na hapo tu, ndipo mtandao uliposhika. Ukiisogeza hatua mbili kuelekea kitandani, simu haikuwa na faida kuliko kipande cha sabuni.

Ulikuwa mwaka 1999, na katika mtaa wao wa Tandika simu ya mkononi ilikuwa hiyo moja tu. Baba yake, dereva wa lori la Songea, alimnunulia mkewe ili wateja wampate kwa urahisi. Mama Najat, au Bi Mwanabaraka kwa jina lake, alikuwa mpishi wa shughuli. Pilau yake ilisifika mpaka Mbagala. Lakini simu haikumaliza mwezi kabla ya kugeuka kuwa ya mtaa mzima. Mwenye ndugu Mtwara alitoa namba hiyo. Mwenye mgonjwa hospitalini alitoa namba hiyo. Mwenye mchumba naye, bila kuomba ruhusa, alitoa namba hiyo hiyo. Mama Najat alinung'unika siku mbili tatu, kisha akazoea. Simu ikilia, aliye karibu huipokea na kupaza sauti, "Mama Mauwa, simu yako!" na Mama Mauwa huja mbio, unga umemjaa mikononi.

Wote waliujua mlio wake. Ulikuwa mkali, krii-krii, krii-krii, usio na utamu wala chumvi. Ukilia tu, fundi cherehani wa ng'ambo ya njia alisimamisha mguu, kinamama kisimani wakanyamaza, kila mmoja akisubiri kusikia jina la nani litaitwa.

Najat hakuupenda mlio ule hata kidogo. Yeye alipenda muziki. Alikuwa ameuza kashata muhula mzima, na fedha alizoweka hakununulia viatu wala utepe wa nywele. Alinunua kaseti ya taarabu, kaseti halali yenye picha ya waimbaji kwenye jalada, siyo zile za kunakiliwa zinazokwaruza kama mtu anakaanga dagaa. "Hii ni yangu," alimwambia kila aliyeingia ndani, hata asiyeuliza. "Nimenunua mwenyewe." Wimbo alioupenda kuliko yote ulikuwa wa kwanza, ule unaoanza kwa kinanda peke yake kabla fidla hazijaingia.

Jumapili moja mama yake alikwenda Mbagala kupika pilau ya harusi, akamchukua na Farhan. Najat aliachiwa simu pamoja na amri ya siku zote: "Simu ni ya kupokea na kupiga. Vidude vingine muachie baba yako." Mchana akaja rafiki yake Filomena, aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwao na kusoma naye darasa la sita. Filomena aliimba kwaya ya watoto kanisani, na mwalimu wa kwaya alikuwa amewafundisha kuandika nyimbo kwa do, re, mi.

Ndani ya boksi la simu mlikuwa na kijitabu cha Kiingereza. Najat alikuwa amekisoma mara nyingi kwa msaada wa kamusi, akiambulia neno moja kati ya matano. Ukurasa mmoja, hata hivyo, aliuelewa vizuri mno. Ulisema kwamba mtu anaweza kuipa simu mlio aliotunga mwenyewe kwa kubonyeza namba: moja ni do, mbili ni re, mpaka saba.

"Filo, wewe ukisikia wimbo unaweza kuuandika?" aliuliza.

"Ukienda polepole, ndiyo. Kwani vipi?"

Najat alimwonyesha ule ukurasa. Filomena aliusoma, akamtazama rafiki yake, akausoma tena. "Wee Najat! Mama yako si atatuua?"

"Kaseti ni yangu. Simu ya kwetu. Sie tunajaribu tu."

Wakaanza. Walikisikiliza kile kipande cha kinanda, wakaizima redio, wakaitoa kaseti na kuirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ya biki ili betri zisiishe, wakasikiliza tena. Filomena alifumba macho, akaimba chini chini, akaandika nyuma ya daftari lake la maarifa. "Hiyo siyo fa," alisema mara kwa mara, akifuta. "Imepanda kidogo." Najat naye alibonyeza namba moja moja, akikosea na kuanza upya. Kazi hiyo iliwala mchana wote. Ilipokaribia saa kumi na moja, Najat alibonyeza kitufe cha mwisho, na simu, ile ile iliyokuwa ikipiga kelele kama kuku aliyekanyagwa, ikaimba. Ilikuwa sauti nyembamba, ti-ti-ti, lakini wimbo ulikuwa wenyewe hasa. Wasichana wale walishikana mikono wakaruka mpaka kitanda kikalia.

"Usiuache humo lakini," Filomena alisema alipokuwa anaondoka. "Rudisha ule wa zamani."

"Nitaurudisha."

Na alikusudia kuurudisha. Lakini alipobaki peke yake akafikiri: mama akirudi, simu ilie hivi mara moja tu, ashtuke, aulize, nami nimwambie nimetunga mwenyewe. Atacheka. Atamsimulia baba. Kwa hiyo akauweka ule wimbo uwe ndio mlio wa simu, akaketi kusubiri mtu apige. Usiku ule hakupiga mtu. Mama Najat alirudi amechoka, ananukia moshi na iliki, akalala bila hata kuvua hereni. Asubuhi Najat akaifuta simu, akaitundika kwenye msumari wake, akaenda shule na siri yake, akitabasamu njia nzima.

Tabasamu hilo lilimtoka mstarini, kabla hata ya wimbo wa taifa. Filomena alikuja akihema, uso wote unang'aa.

"Baba anapigiwa simu leo!" alinong'ona. "Tumeambiwa jana jioni. Kile kiwanda kipya cha vitenge cha Chang'ombe kinaajiri fundi wa mashine za kufuma. Majina yamepangwa. Wanapiga simu leo kabla ya saa nane, na asiyepatikana wanamruka, wanamwita anayefuata."

Najat aliijua habari ya Baba Filo. Mtaa mzima uliijua. Mzee Theonest alikuwa fundi wa kiwanda cha nguo cha serikali kwa miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipouzwa, wafanyakazi walipunguzwa kwa mafungu, na fungu lake likafika. Tangu hapo alizunguka na bahasha ya vyeti mpaka pembe za bahasha zikalika. Filomena alikuwa amerudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya ada, na mwezi ule walikuwa wanakula mlo mmoja, ingawa Filomena hakuwahi kulisema hilo kwa mdomo wake.

"Anapigiwa wapi?" Najat aliuliza, japo jibu alikuwa nalo.

"Kwenu, sasa! Aliandika namba yenu. Amepiga pasi shati lake la Krismasi, atakaa barazani kwenu tangu saa mbili." Kisha Filomena akakunja uso kidogo. "Uliurudisha ule mlio wa zamani, sivyo?"

Hapo Najat angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, halimchukui mtu pumzi. Lakini alimwona rafiki yake anavyomtazama kwa imani yote, na woga ukamtangulia. "Ndiyo," akasema. "Niliurudisha."

Filomena akashusha pumzi, akarudi kwenye mstari wake, na siku nzima akawa anachora maua pembezoni mwa daftari.

Somo la kwanza lilikuwa hisabati. Najat hakuona ubaoni ila sura ya mtu aliyevaa shati la Krismasi. Alijipa moyo: mama ataujua, mama ana masikio makali. Kisha akakumbuka kwamba Jumatatu mama yake hukaa jikoni uani, akitwanga viungo vya wiki nzima. Akakumbuka pia kinanda cha Farhan kinacholia ti-ti-ti kutwa kucha. Nani angetofautisha? Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba ruhusa ya kwenda nyumbani."

Mwalimu Demetria alimtazama juu ya miwani. "Kuna nini nyumbani?"

Kama angesema ukweli, hadithi hii ingekuwa fupi. Mwalimu Demetria alikuwa mkali, lakini alimjua Baba Filo, na angemtoa mwanafunzi mbio bila kumaliza kuuliza. Ila Filomena alikuwa ameketi dawati la mbele, tena amegeuka kumsikiliza. Najat akashika tumbo. "Linaniuma, mwalimu."

"Tumbo la mtihani wa kuzidisha hilo. Kanywe maji, ulaze kichwa kwenye dawati. Likizidi utaniambia."

Akalaza kichwa. Tumbo halikuzidi, kilichozidi kilikuwa kingine, na hicho hakukisema. Wakati wa mapumziko ya saa nne alikwenda mpaka getini. Kiranja wa zamu, msichana wa darasa la saba mwenye bakora ya mti wa mpera, alimwuliza kibali. Hakuwa nacho. Alizunguka nyuma ya vyoo penye tundu la uzio, akalikuta limezibwa kwa matawi ya michongoma tangu wiki iliyopita. Alisimama pale akitazama njia ya kwao kupitia miiba, kengele ikalia, akarudi darasani.

Ilipofika saa sita akakumbuka simu ya mezani iliyokuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, ile yenye kufuli kwenye kizungushio cha namba. Kwa dakika moja alipata matumaini. Angeomba apige nyumbani, aseme yote kwa mama! Kisha akaelewa, na kuelewa huko kulimuumiza kuliko mambo yote ya siku ile. Angepiga simu nyumbani, na simu ingeimba. Mama angesema Farhan punguza kelele. Hakuna ambaye angepokea. Alikuwa amelifunga jambo lake pande zote mbili, na mwenye ufunguo alikuwa yeye, naye amefungiwa shuleni.

Saa nane na nusu kengele ya mwisho ilipolia, Najat alitoka mbio hata mfuko wa madaftari akausahau. Filomena alimfuata nyuma akicheka, akidhani wanashindana.

Mzee Theonest alikuwa barazani, chini ya dirisha lile lile, ameketi wima ili shati lisikunjamane. Bahasha ilikuwa magotini. Mama Najat alikuwa amemletea chai na mandazi mawili. Moja lilikuwa limeliwa, la pili amelifunga kwenye leso.

"Shikamoo Baba Filo," Najat alisema.

"Marahaba, binti yangu. Mmetoka?" Akamtazama Filomena aliyefika anahema, akatikisa kichwa polepole. "Haikulia, mwanangu. Nimekaa hapa tangu saa mbili, hata chooni sikwenda. Hawakunitaka."

"Labda mtandao, Baba Filo," alisema Mama Najat akitoka uani, amebeba kinu kidogo. "Siku nyingine unapotea wenyewe."

"Siyo mtandao, Mama Najat. Ni umri. Kiwanda kipya, mashine mpya, watataka vijana. Nimewaelewa." Alisimama, akajikung'uta suruali. "Ila hapa kwenu nimekaa vizuri. Farhan leo alikuwa ananitumbuiza kutoka huko ndani. Amejifunza wimbo mzuri huyu, ameurudia mara tatu, nami hapa napiga mguu chini."

"Farhan?" Mama Najat alicheka. "Mie mwenyewe nimemwambia apunguze. Mtoto ana kichwa kigumu."

Najat aliingia ndani. Aliitoa simu katika mfuko wake, na kioo kikamweleza kwa Kiingereza kifupi alichokielewa bila kamusi: simu tatu zimepigwa, hazikupokelewa. Namba haikuonekana, maana simu za mezani wakati ule hazikuonyesha namba. Chini yake palikuwa na kitufe. Angekibonyeza mara moja, maneno yale yangefutika, angeurudisha mlio wa zamani, na dunia isingejua. Baba Filo angekwenda nyumbani akiamini amekataliwa kwa uzee wake. Mama angeendelea kutwanga. Dole gumba lake lilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nje alisikia Mzee Theonest akimwambia binti yake, "Usilie, Filo. Mtu akikataliwa, anakataliwa. Hata kwetu Bukoba tutarudi, kuna migomba."

Kilio alichokuwa amekizuia tangu asubuhi kilimtoka Najat chote kwa mpigo. Akatoka barazani na simu mkononi.

"Walipiga," alisema. "Baba Filo, walikupigia. Walipiga mara tatu. Huo wimbo haukuwa wa Farhan. Ni simu. Mie ndiye niliyeubadilisha mlio."

Kisha Mama Najat akakiweka kinu chini taratibu, taratibu kupita kiasi, akavua kandambili ya mguu wa kulia.

"Subiri, Mama Najat." Mzee Theonest alinyoosha mkono. Hakuwa anamtazama mama wala kandambili. Alimwinamia Najat. "Rudia. Walinipigia mimi?"

"Mara tatu," Najat alisema akilia. "Imeandikwa hapa."

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili. Hakujua Kiingereza kile, lakini ile tarakimu ya 3 aliiona. Macho yake yalijaa maji. "Kumbe walinitaka," alisema kwa sauti ndogo. "Filo, kumbe walinitaka."

Filomena alikuwa anamtazama Najat. "Nilikuuliza," alisema. "Asubuhi nilikuuliza." Akageuka, akaenda kwao.

Mama Najat aliivaa tena kandambili yake. Alimwachia Mama Mauwa jiko na Farhan, akajifunga ushungi. "Baba Filo, sasa hivi ni saa tisa. Ofisi hazijafungwa. Twende. Na wewe Najat unakuja. Utakwenda kusema kwa mdomo wako mwenyewe."

Walifika Chang'ombe saa kumi kasoro, jasho linawatiririka. Ofisi ya ajira ilikuwa chumba kimoja chenye feni na mwanamke mmoja, Bi Apolonia, aliyekuwa anapanga mafaili. Alisikia jina la Theonest, akafungua daftari.

"Nilikupigia saa nne na nusu," alisema. "Nikapiga saa sita. Nikapiga tena saa nane kamili, maana vyeti vyako vilinipendeza na nilikuwa nakuonea huruma. Saa nane na robo nikampigia anayefuata. Ameshakuja, ameshasaini. Mlikuwa wapi?"

Mama Najat alimsukuma binti yake mbele kidogo. Najat alieleza yote: kaseti, kijitabu, do re mi, kinanda cha Farhan. Alieleza pia uongo aliomwambia Filomena na tumbo lisilouma. Feni ilikuwa inavuma, na ilibidi arudie baadhi ya maneno. Bi Apolonia alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Umefanya vizuri kuja kusema," alisema. "Lakini, binti, mie siwezi kumfukuza mtu niliyemwajiri mchana huu huu. Naye ana watoto."

Najat alikuwa ameamini, bila kujijua, kwamba ukweli ukisemwa mambo yote yatarudi mahali pake. Alimtazama mama yake, mama akatazama sakafu. Hapakuwa na mtu pale wa kumlaumu wala wa kumbembeleza. Mzee Theonest akashukuru kwa adabu, akaichukua bahasha yake, akageukia mlango.

"Ngoja, mzee," alisema Bi Apolonia. Alipekua daftari, akarudi nyuma, akapekua tena. "Kuna nafasi ya msaidizi wa fundi. Nilikuwa sijakusudia kumpa mtu kama wewe. Mshahara wake ni nusu. Na fundi utakayemsaidia ndiye huyo niliyempigia. Elibariki jina lake."

"Elibariki mrefu, mwenye kovu kidevuni?"

"Huyo huyo. Unamfahamu?"

Mzee Theonest alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nilimfundisha mimi kupitisha uzi. Alikuwa anaogopa mashine." Aliipapasa bahasha pembe zake zilizolika. "Naichukua. Nianze lini?"

"Kesho saa moja."

Walirudi kwa miguu, jua linawapiga usoni. Kwa muda mrefu Najat alitembea nyuma yao. Walipofika karibu na uwanja wa mpira alijikaza, akamfikia mzee.

"Baba Filo, umenisamehe?"

"Nimekusamehe." Mzee alipunguza mwendo ili waende sawa. "Na kazi ya fundi imekwenda. Msamaha wangu hauirudishi. Nataka uyabebe yote mawili, usichukue lile jepesi tu."

Najat aliitikia kwa kichwa.

"Mie sikulaumu kwa kutunga mlio," aliendelea Mzee Theonest. "Nilipousikia niliupenda, na sasa najua binti yangu ana sikio zuri na wewe una mkono mwepesi. Kaseti ni yako, umeinunua kwa jasho lako, hata wimbo ukiusikiliza mpaka uchakae ni haki yako. Lakini ule mlio wa simu haukuwa wako. Ulikuwa wetu sote tulioandika namba ile. Kitu ambacho watu wengi wanakitegemea hakibadilishwi na mmoja bila kuwaambia wenzake, hata kama anakifanya kizuri zaidi. Hilo la kwanza."

"Na la pili?" aliuliza Mama Najat.

"La pili ni hili. Asubuhi kosa lilikuwa dogo. Ungemwambia Filo hapana, angekimbilia kwa mwalimu, na saa tatu ningekuwa nimeshaambiwa: Mzee, simu leo inaimba, ipokee. Tungecheka. Kila saa uliyonyamaza kosa lilikua, mpaka saa nane likawa kubwa kuliko sisi wote. Ukikosea, sema mapema, wakati kusema bado kunasaidia. Leo umesema kwa kuchelewa, na bado ukweli wako umenipa kitu. Ungeufuta ule ujumbe, ningelala leo nikijua mimi ni mzee asiyetakiwa. Sasa nalala nikijua nilikuwa wa kwanza kwenye orodha."

Mama Najat alishika bega la binti yake kwa nguvu, si kwa ukali. "Ukifika unaurudisha mlio wa zamani," alisema. "Kisha unapita nyumba kwa nyumba, mtaa mzima, uwaambie ulichofanya. Labda kuna mwingine alipigiwa leo. Na nyumba ya kuanzia unaijua."

Najat aliijua. Aliurudisha mlio wa zamani, akamwacha Mzee Theonest barazani kwao ili atangulie yeye, akatembea mpaka nyumba ya nne, akasimama mlangoni, akapiga hodi. Akapiga tena, akaeleza kila kitu palepale nje, mlango ukiwa umefungwa: kwamba baba yake Filomena amepata kazi ya msaidizi, kwamba ile ya fundi imekwenda, kwamba alimdanganya mstarini, na kwamba hana la kujitetea.

Kisha komeo likavutwa. Filomena alisimama kizingitini, macho mekundu, akamtazama bila kumkaribisha ndani.

"Nyumba zilizobaki ni ngapi?" aliuliza.

"Ishirini na tatu."

Filomena alivuta kanga ya mama yake iliyokuwa kwenye kamba, akajitanda. "Nami niliandika zile noti," alisema. "Lakini utakayesema ni wewe."

Wakashuka pamoja njiani, hakuna aliyemshika mwenzake mkono, mpaka mlango wa pili.